Baiti 1,024 za Kufuta Kabla Kilo Hazijatokea

Haya watoto wa Rugu, sogeeni. Msimu wa kahawa mmeshasimama mbele ya mizani ya umeme: gunia linapandishwa, macho yote kwenye kioo. Tarakimu za gunia lililopita zinafutika, mpya zinatokea. Leo nawasimulia habari za kule kufutika tu, maana wengi hudhani hapo hapana kazi.

Ndani ya kifaa kama kile, kiwe hapa Rugu ama kwa jirani zetu wa Kyerwa, hukaa prosesa ndogo kama ukucha. Tuchukue aina moja mashuhuri, Cortex-M0, iliyotangazwa na kampuni ya ARM mwaka 2009, tuiunganishe na kioo chenye nukta 128 kwa 64. Nukta moja ni biti moja, na biti nane ni baiti. Pigeni hesabu: baiti 1,024. Kabla ya kuchora tarakimu mpya, programu huandika sifuri kwenye baiti zote hizo katika kumbukumbu, ndipo picha ipelekwe kwenye kioo.

Prosesa haijui neno “futa”. Inajua amri fupi fupi, na lugha ya kuziandika moja moja inaitwa asembli. Anayeanza huandika amri tatu: punguza hesabu kwa moja, weka baiti, kisha rudi juu kama hesabu haijafika sifuri. Kupunguza kunakula pigo moja la saa ya prosesa. Kuweka, mawili. Kurudi juu, matatu! Yaani katika mapigo sita, kazi tuliyotumwa imechukua mawili tu. Manne yameishia kwenye kuhesabu na kurudi. Kwa baiti 1,024 ni mapigo 6,144 hivi.

Ni sawa na mtu anayepanda maharage migombani, kila shimo moja anarudi kwenye debe kuchukua punje na kumuuliza mama kama shamba limekwisha. Mama atamfukuza.

Dawa ya kwanza ni nyepesi. Rejista, yaani kisanduku cha kushikia namba ndani ya prosesa hii, ina biti 32, kwa hiyo inabeba baiti nne, na kuziweka zote nne kunakula mapigo yale yale mawili. Mizunguko inashuka hadi 256, mapigo hadi 1,536. Ila kama unajaza kitu kisicho sifuri, tuseme 65, inakili kwanza mara nne ndani ya rejista, la sivyo utapata 65 moja na sifuri tatu.

Dawa ya pili ndiyo ninayoipenda. Tarehe 26 Aprili 1985, mjini Cambridge, Uingereza, prosesa ya kwanza kabisa ya ukoo wa ARM iliwashwa ikafanya kazi. Waliobuni ni Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn, na amri zake zilitoka kichwani mwa Wilson. Mojawapo ni STM: unataja rejista kadhaa, zote zinamwagwa kwenye kumbukumbu kwa amri moja. Kwenye Cortex-M0, rejista nne zinakula mapigo matano, moja la kuanzia na moja kwa kila rejista. Baiti 16 hizo! Jumlisha kupunguza na kurudi, yanakuwa tisa. Kazi nzima ni mapigo 576. Ukiandika STM mbili mfululizo ndipo uulize kama kazi imekwisha, unalipa 14 kwa baiti 32, jumla 448.

Kwa saa ya megahezi 16, tumetoka mikrosekunde 384 tukafika 28. Jicho halioni tofauti, tena kupeleka ile picha kwenye kioo kwa nyaya mbili huweza kuchukua zaidi ya milisekunde 20, kwa hiyo aliyekazana na mizani pekee amekazana bure. Anayefaidi ni yule ambaye programu yake inajaza kumbukumbu maelfu ya mara kwa sekunde, kwenye betri inayosubiri jua. Na kama ni baiti kumi tu, mimi naziacha zile amri tatu zilivyo.

Sasa ukaidi. Cortex-M0 haikubali kuweka baiti nne kwa pamoja isipokuwa pale anwani ya kuanzia, yaani namba ya nafasi ya baiti katika kumbukumbu, inapogawanyika kwa nne. Ukiilazimisha ianzie 5, inasusa na programu inakwama. Basi jaza baiti 50 kuanzia anwani 5, tuone. Weka moja moja kwenye 5, 6 na 7. Umefika 8, zimebaki 47. Mzunguko mmoja wa STM mbili unameza 32, zinabaki 15. Nne nne mara tatu, 12. Tatu za mwisho moja moja, na ya mwisho kabisa inakaa 54. Ukijikuta umeandika 55, rudi uhesabu upya, kwa sababu kilichokuwa pale kimeshafutika.