Blanketi la viraka halijakamilika hadi ukingo ushonwe

KUTANGULIA si kufika, walisema wahenga. Methali hii inawahusu mno wanaoshona mablanketi ya viraka. Wengi huanza kwa bidii, wakakusanya vipande vya nguo na kuviunganisha, lakini kazi inapokaribia kukamilika huikunja na kuisahau kabatini. Kinachobaki ni kitambaa chepesi kisichoweza kumkinga mtu na baridi ya Julai.

Sababu moja ya kukwama huko ni ukubwa wa kazi. Ruwaza nyingi hukusudiwa kitanda cha watu wawili, ilhali mabaki ya vitambaa alivyo navyo mshonaji hayatoshi. Suluhisho ni kuipunguza ruwaza ili blanketi liwe la kujifunikia kitini.

Njia iliyo rahisi ni kupunguza idadi ya miraba, si ukubwa wake. Tuseme ruwaza inahitaji miraba 72 ya inchi 12, yaani mistari tisa yenye miraba minane kila mmoja. Blanketi hilo litakuwa na inchi 96 kwa 108. Mshonaji akitengeneza miraba 20 pekee, mistari mitano ya miraba minne, atapata inchi 48 kwa 60.

Anayetaka miraba midogo hana budi kuwa mwangalifu. Mshono hula robo inchi kila upande, hivyo mraba wa inchi 12 hukatwa ukiwa na inchi 12.5. Ukigawa kipimo hicho kwa mbili unapata inchi 6.25, ilhali mraba wa inchi sita wapaswa kukatwa ukiwa na inchi 6.5. Kasoro hiyo yaonekana ndogo, lakini katika mstari wa miraba kumi inafikia inchi mbili na nusu.

Kuibadilisha ruwaza kulingana na kitambaa kilichopo si jambo geni. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi, wengi wao wa vizazi vya watumwa wa mashamba ya pamba, walishona mablanketi kwa nguo kuukuu za kazi ili familia zisife baridi katika nyumba duni. Walizijua ruwaza za kawaida, lakini kila mmoja alizigeuza kwa kadiri ya viraka alivyokuwa navyo.

Kazi hiyo ilikuja kuwa riziki. Mnamo 1966, wakati wa harakati za kupigania haki za watu weusi, wanawake wa eneo hilo waliunda chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee. Mwaka wa 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha New York. Miaka minne baadaye, idara ya posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha zake.

Baada ya viraka kuunganishwa na kupigwa pasi, ndipo hatua za kumalizia huanza. Blanketi huwa na matabaka matatu: viraka juu, pamba katikati na kitambaa cha chini. Pamba na kitambaa cha chini hukatwa vikizidi viraka kwa inchi nne kila upande, kwa maana matabaka husogea yanaposhonwa. Blanketi la inchi 48 kwa 60 huhitaji kitambaa cha chini cha inchi 56 kwa 68. Kwa kuwa vitenge vingi vina upana wa takriban inchi 45, vipande viwili vyenye urefu wa inchi 56 huunganishwa. Mita tatu zatosha.

Kitambaa cha chini hutandazwa sakafuni na kunyooshwa, kisha pamba, kisha viraka. Matabaka yote hushikizwa pamoja kwa pini au kwa kupigwa bandi kuanzia katikati kuelekea pembeni, ili mikunjo isinaswe ndani. Halafu hushonwa kupitia tabaka zote tatu, kwa mkono au cherehani. Mishono ikiachana mno, pamba hujikusanya mafungu mafungu siku blanketi linapofuliwa. Kwa hivyo ni vyema kuzingatia nafasi iliyopendekezwa na mtengenezaji wa pamba hiyo.

Mwisho ni ukingo. Mzingo wa blanketi hili ni inchi 216. Ukiongeza inchi 12 za pembe na viungo, zinahitajika inchi 228, sawa na vipande sita vyenye upana wa inchi 2.5 vilivyokatwa kutoka kitambaa cha inchi 45. Vipande huunganishwa, hukunjwa mara mbili kwa urefu na kushonwa pembeni, kisha hugeuzwa na kushonwa upande wa chini. Ukingo ndio huchakaa kwanza, kwa hivyo kitambaa chake kiwe imara.

Kabla ya kulitumia, mshonaji hushauriwa kuandika jina lake na mwaka kwenye kiraka kidogo na kukishonea nyuma ya blanketi. Mablanketi mengi ya zamani yangali yapo, lakini majina ya walioyashona yamepotea.