Ngiri Sasa Hushonwa kwa Matundu Madogo

Vikundi vingi tunavyotembelea havikosi mwanachama anayeficha uvimbe kinenani au kitovuni. Wengine huuita mshipa, wengine huuchanganya na busha. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Ngiri ni utumbo, au mafuta ya tumboni, unaojisukuma kupitia mahali palipolegea katika ukuta wa tumbo. Ukikohoa au ukiinua mtungi hutokeza; ukilala hurudi ndani. Akina mama waliofanyiwa upasuaji wa uzazi wanaweza kuipata penye kovu.

Tuseme wazi: hakuna dawa, ya duka wala ya miti shamba, inayoziba tundu hilo. Kwa mtu mzima ni kushonwa tu. (Ngiri ya kitovu ya mtoto mchanga ni jambo lingine, nyingi hujifunga zenyewe kabla ya miaka mitano.)

Kwa njia ya zamani daktari hupasua pale pale penye uvimbe. Kwa njia mpya hutoboa matundu, mara nyingi matatu, yenye upana wa milimita 5 hadi 12. Hujaza tumbo gesi ili apate nafasi, huingiza kamera nyembamba, kisha hufanya kazi akitazama kwenye televisheni. Utumbo hurudishwa mahali pake na wavu laini huwekwa kuziba tundu. Maumivu huwa kidogo na mtu hurudi kazini mapema.

Lakini mashine ni ghali, daktari lazima awe amefunzwa, na mgonjwa hulazwa usingizi kabisa. Basi ukiambiwa utapasuliwa kwa njia ya zamani, usidhani umepewa kitu duni. Mashariki mwa Uganda wanaume 302 walipasuliwa hivyo, nusu yao wakiwekewa wavu wa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa hospitalini. Matokeo yalichapishwa 2016: baada ya mwaka mmoja wavu huo wa bei nafuu ulifanya kazi sawa na ule wa ghali. (Msikate chandarua cha nyumbani, jameni!)

Kabla ya kupanga tarehe, uliza hospitali SHA italipa kiasi gani, ndipo kikundi kijue cha kuchanga.

Uvimbe ukigoma kurudi, ukauma sana, na mtu akaanza kutapika, hilo si la kungoja mkutano. Utumbo ulionyongwa hukosa damu na kuoza kwa saa chache tu. Pesa za mzunguko zilipe gari usiku huo huo.