Duka la Keki la Wareno: Utamu Uliotokana na Masazo

Katika mji wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ni shida kupita mitaa miwili pasipo kuiona pastelaria, yaani duka la keki na maandazi. Mgeni aweza kudhani kwamba humo huuzwa vitu vitamu peke yake. Sivyo. Ifikapo saa saba mchana, makarani, mafundi na wazee waliostaafu huingia humo kula. Wengi husimama penye kaunta, kwani katika maduka mengi anayeketi mezani nje hulipa zaidi.

Mlo huanza kwa supu. Iliyo mashuhuri ni caldo verde: viazi vilivyopondwa katika mchuzi, mboga za majani zilizokatwa nyembamba kama nyuzi, na kipande cha soseji ya nguruwe, asiyemla mnyama huyo yampasa aulize mapema. Baada ya supu huja rissol, andazi la umbo la nusu mwezi lenye kamba ndani, ambalo mtu wa pwani angeliita ndugu wa sambusa. Hali kadhalika vipo vitonge vya bacalhau, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa mithili ya ng'onda, akachanganywa na viazi na mayai.

Ndipo ufike wakati wa pastel de nata. Hiki ni kikombe kidogo cha unga wa matabaka membamba, kilichojazwa maziwa, sukari na viini vya mayai. Huokwa kwa moto mkali hata uso wake ukatoka madoa meusi. Asiyejua hudhani kimeungua, kumbe ndiyo alama ya kuiva. Huliwa kingali na joto, kwa mdalasini na kahawa chungu.

Utamu huo una historia yake. Inasimuliwa kwamba watawa wa Ureno walitumia ute wa mayai kunyooshea mavazi yao, kama wanga. Viini vilivyosalia, badala ya kutupwa, viligeuzwa vyakula vitamu. Mwaka 1834 serikali ilizifunga nyumba za watawa wa kiume, na waliokuwa wakiishi humo wakajikuta hawana makao wala kazi. Kutoka monasteri ya Jerónimos, mtaani Belém, vikombe hivyo vilianza kuuzwa ili watu wapate riziki. Mwaka 1837 likafunguliwa duka la Pastéis de Belém, ambalo lingalipo, na siri ya mapishi yake hujulikana na watu wachache tu.

Hata hivyo, isisahauliwe kwamba sukari iliyowazoesha Wareno utamu ililimwa kwa karne nyingi na watumwa Waafrika, kisiwani São Tomé na huko Brazil.

Kwa mama wa nyumbani fundisho li wazi: kisalacho si takataka. Ukitumia ute wa mayai kwa keki, chukua viini viwili, kikombe kimoja cha maziwa, vijiko vinne vya sukari na viwili vya unga wa ngano. Koroga juu ya moto mdogo bila kuacha, mpaka vizito. Nyunyiza mdalasini, uwaandalie watoto. Akiba ya jikoni iliwahi kuwalisha waliopoteza kila kitu. Haitashindwa kuipamba meza yako.