Masharti ya New York, fidia ya Kisangani

Kuanzia Juni 5 hadi 10, 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa yameingia Kongo yakishirikiana, yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Mapigano yalipamba moto zaidi kuzunguka daraja la mto Tshopo, na makombora zaidi ya 6,000 yaliuangukia mji. Makadirio ya raia waliouawa yanaanzia 244 na kupita 760. Wenyeji wanayaita mapigano hayo Vita vya Siku Sita.

Juni 16, mwaka huohuo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1304. Liliyataka majeshi yote mawili yaondoke, Kisangani usiwe tena mji wa wenye silaha, na likasema Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia ya roho na mali zilizopotea.

Lugha ilikuwa nzito, lakini azimio halikutaja kiasi, tarehe ya malipo wala mkusanyaji. Wageni waliondoka mjini. RCD-Goma, waasi wa Kongo walioungwa mkono na Rwanda, wakabaki na bunduki zao. Mei 2002 baadhi ya askari wao waliasi, na uongozi ukalipiza kisasi: watu waliuawa mtaani Mangobo, na wengine kwenye daraja lilelile, miili yao ikatupwa mtoni. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 160 waliouawa. Mwezi uliofuata Baraza likarudia sharti lake la kuondoa silaha mjini.

Njia ya mahakama ilikwenda polepole, ila ilikuwa na meno. Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Juni 1999. Mahakama hiyo haiwezi kuihukumu nchi isiyokubali mamlaka yake. Uganda iliyakubali mwaka 1963 na Kongo mwaka 1989, kwa hiyo kesi ikasikilizwa, na Desemba 19, 2005 majaji wakaamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa. Rwanda haikuwahi kukubali, na Februari 2006 majaji walisema hawana mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi yake. Makombora yalianguka kutoka pande mbili. Hukumu ikafika upande mmoja.

Kongo na Uganda zilishindwa kuafikiana kuhusu fidia, kesi ikarudi kwa majaji. Februari 9, 2022 walitaja kiasi: dola milioni 325, ambapo milioni 225 ni za madhara kwa watu, 40 za mali na 60 za maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Uganda ilipewa awamu tano za milioni 65, kila Septemba 1 kuanzia 2022, na riba ya asilimia 6 ikichelewa. Awamu ya kwanza ililipwa mwaka huohuo.

Hapo ndipo sharti la kimataifa linapokoma na kazi ya dola yenyewe inapoanza. Fedha zinalipwa kwa serikali, si kwa mjane wa Tshopo. Kinshasa iliunda mfuko maalumu wa kuwagawia waathirika fidia, FRIVAO, wenye makao Kisangani. Majaji waliikaribisha ahadi ya Kongo kwamba mgao utakuwa wa haki na kwamba wawakilishi wa waathirika watashiriki katika usimamizi, lakini hawakuyaweka hayo katika amri.

Waathirika wameandamana zaidi ya mara moja wakilalamikia orodha na ucheleweshaji. Kisha takriban dola milioni 19, zilizotoka kwenye fedha hizo za fidia, zikahusishwa na mkataba wa kujenga gereza Kisangani. Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alijiuzulu Juni 2025, na Septemba mahakama ya juu, Cour de cassation, ikamhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha hizo. Yeye alikana mashtaka.

Awamu ya mwisho ya Uganda ilipangiwa Septemba 1, 2026. Kinachodaiwa sasa kinadaiwa Kinshasa: orodha ya waliolipwa ibandikwe kila komini, hesabu za FRIVAO zitangazwe, na waathirika wawe na kiti na kura katika mfuko ulioundwa kwa ajili yao.