Kizuri si lazima kijiuze: Maoni ya wapenzi wa vifaa vya elektroniki yapimwe kabla ya kuagiza mzigo

WAFANYABIASHARA wa simu, redio na televisheni wanaijua vizuri methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vifaa vya elektroniki methali hiyo haikutimia kila mara. Vipo vifaa vilivyosifiwa na wajuzi vikadoda madukani, na vipo vilivyobezwa vikauzwa kwa mamilioni.

Suala hili si dogo kwa mwenye mtaji mdogo. Siku hizi kabla mteja hajafika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huwa amekwisha kusikia maoni ya mpenzi wa vifaa, yaani mtu anayenunua, kufungua, kujaribu na kulinganisha vyombo vipya kwa sababu anavipenda. Mwenye duka naye huyasikia maoni hayo hayo, na mara nyingi huyatumia kuamua aagize nini. Mwekezaji mdogo huyatumia kuamua anunue hisa za kampuni gani.

Kumbukumbu za soko zinaonyesha kwamba maoni hayo yana nguvu mahali pamoja na udhaifu mahali pengine. Mpenzi wa vifaa ni shahidi mzuri wa ubora: anaweza kueleza kama chombo kinafanya kazi au la. Lakini ni mtabiri dhaifu wa mauzo, kwa kuwa yeye si mnunuzi wa kawaida.

Maoni yanavyozaliwa

Habari za vifaa vya elektroniki zina msimu wake, kama mazao. Mwezi Januari hufanyika maonyesho makubwa ya Las Vegas, Marekani, ambayo yalianza New York mwaka 1967. Baadaye hufuata maonyesho ya simu ya Barcelona, Hispania, na mwezi Septemba yale ya Berlin, Ujerumani. Kampuni ya Apple kwa miaka mingi imekuwa ikitangaza simu zake mpya Septemba.

Kabla ya kifaa kuingia sokoni, kampuni huwapa wapenzi wachache wenye wasomaji au watazamaji wengi wakijaribu kwa siku kadhaa. Wote hukubali kutosema kitu mpaka siku na saa iliyopangwa, ndiyo maana maoni yao hutoka kwa wakati mmoja kama mvua ya masika.

Msomaji wa maoni hayo hana budi kujua mambo mawili. Kwanza, majaribio ya siku chache hayawezi kuonyesha hali ya kifaa baada ya mwaka. Pili, baadhi ya watoa maoni hupata kamisheni pale wasomaji wao wanaponunua, na wengine hupewa vifaa bure. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Marekani ilirekebisha mwongozo wake ili kuwataka watoa maoni waliopewa fedha au zawadi wajitangaze. Kupewa kifaa bure si ushahidi wa uongo, lakini mnunuzi ana haki ya kufahamu.

Soko lilipowaacha wajuzi

Mfano wa zamani ni wa deki za video. Kampuni ya Sony ilitoa mfumo wa Betamax mwaka 1975, na JVC ikafuata na VHS mwaka 1976. Wapenzi wengi wa vifaa walishikilia kwamba picha ya Betamax ilikuwa bora zaidi. Wanunuzi wa kawaida walijali jambo jingine. Kanda ya kwanza ya Betamax ilirekodi saa moja tu, wakati ile ya VHS ilirekodi saa mbili, muda unaotosha filamu nzima. VHS ilishinda, na mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kutengeneza deki za VHS.

Mwezi Oktoba 2001 Apple ilitoa iPod, chombo cha kusikilizia muziki, kwa bei ya Dola za Marekani 399. Wajuzi kadhaa walikibeza. Walisema ni ghali, kina nafasi ndogo ya kuhifadhi kuliko cha mshindani, na kinatumika na kompyuta za Apple pekee. Yote hayo yalikuwa kweli. Hata hivyo, mwaka 2002 Apple ilitoa iPod iliyofanya kazi na kompyuta za Windows, na mwaka 2003 ikafungua duka la kuuza nyimbo kwa senti 99 kila mmoja. Kufikia Aprili 2007 iPod milioni 100 zilikuwa zimeuzwa. Wajuzi walikuwa wamehesabu uwezo wa chombo peke yake. Mteja alitazama urahisi wa shughuli nzima, kuanzia kununua wimbo hadi kuusikiliza.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Haikuwa na kamera wala kioo cha rangi, na wapenzi wa vifaa hawakuwa na sababu ya kuizungumzia. Ilikuwa na tochi, vitufe visivyopitisha vumbi kirahisi, na betri iliyodumu kwa siku kadhaa. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Mkulima aliyechaji simu yake dukani kwa kulipia alijua anachokinunua.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2007 masikio ya wapenzi wa vifaa yalikuwa kwenye iPhone ya kwanza. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa nchini Kenya, ikitumia simu za bei ya chini kabisa. Kwa mfanyabiashara wa Kisumu au Mombasa, habari ya pili ndiyo iliyobadilisha hesabu za duka lake.

Kampuni ya Kichina ya Transsion, yenye majina ya Tecno, Itel na Infinix, ilijengwa juu ya mahitaji ya namna hiyo: laini mbili katika simu moja, betri ya kudumu na kamera iliyorekebishwa ili ipige vizuri picha za watu weusi. Wajuzi wa Ulaya na Marekani waliitupia macho kwa nadra. Mwaka 2019 hisa zake ziliandikishwa katika soko la Shanghai.

Kinyume chake kimetokea pia. Mwaka 2010 televisheni za picha za 3D zilitangazwa kwa kishindo na viwanda vyote vikubwa, na wapo wapenzi wa vifaa waliozipokea kwa hamu. Familia za kawaida hazikutaka kuvaa miwani maalumu sebuleni. Mwaka 2017 LG na Sony, zilizokuwa miongoni mwa kampuni za mwisho kuzitengeneza, ziliacha.

Walipoona kasoro mapema

Penye suala la ubora, mpenzi wa vifaa amewaokoa wengi. Mwezi Aprili 2019 Samsung ilikuwa tayari kuuza Galaxy Fold, simu inayokunjwa, kwa Dola 1,980. Siku chache kabla ya mauzo, vioo vya baadhi ya simu walizopewa watoa maoni viliharibika. Wengine walikuwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni karatasi ya kukinga kioo, kosa ambalo mteja yeyote angelifanya. Samsung iliahirisha mauzo hadi Septemba na kuirekebisha simu hiyo.

Mfano mwingine ni wa AI Pin, kifaa cha kubandika kwenye nguo kilichotolewa na kampuni ya Humane ya Marekani mwezi Aprili 2024. Bei yake ilikuwa Dola 699, pamoja na ada ya Dola 24 kila mwezi. Waliokijaribu walisema kinapata joto, kinachelewa kujibu, na mara nyingine kinajibu visivyo. Mwezi Februari 2025 kampuni ya HP ilinunua sehemu ya mali za Humane kwa Dola milioni 116, na tarehe 28 ya mwezi huo huduma ikazimwa. Aliyekuwa nacho alibaki na pambo.

Hata hivyo jicho la mjuzi lina mipaka. Galaxy Note 7 ya Samsung, iliyoingia sokoni Agosti 19, 2016, ilipewa sifa nyingi na waliopewa kuijaribu. Wiki mbili baadaye kampuni ilitangaza kuzirudisha simu milioni 2.5 kwa sababu betri zilikuwa zinawaka moto. Zilizotolewa badala yake nazo zikawaka, na Oktoba 11 uzalishaji ukasimamishwa. Kasoro inayojitokeza kwa simu chache kati ya maelfu haiwezi kuonekana kwa mtu mwenye simu moja.

Hesabu za mwenye duka

Athari kubwa ya habari hizi kwa mwenye duka ni kushuka kwa bei ya toleo la zamani pale toleo jipya linapotangazwa. Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua simu 40 kwa bei ya jumla ya Sh. 300,000 kila moja. Mtaji wake ni Sh. milioni 12. Akiuza zote kwa Sh. 345,000, faida yake ni Sh. milioni 1.8, sawa na asilimia 15, kabla ya kodi ya pango na usafiri.

Sasa ichukuliwe kwamba ameuza simu 25 kwa bei hiyo, ndipo toleo jipya likatangazwa na 15 zilizobaki akalazimika kuziuza kwa Sh. 280,000. Faida ya zile 25 ni Sh. 1,125,000. Hasara ya zile 15 ni Sh. 300,000. Kinachobaki ni Sh. 825,000, chini ya asilimia 7 ya mtaji. Hakuna simu iliyoibiwa wala kuharibika. Kilicholiwa ni muda tu.

Kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kuyatumia maoni ya wapenzi wa vifaa kwa namna zifuatazo:

1. Asome kasoro kabla ya sifa. Watu watatu wasiojuana wakisema betri inavimba au chaji inaingia kwa shida, mzigo huo utarudi dukani mikononi mwa wateja wenye hasira.

2. Atafute maoni ya mtu aliyetumia kifaa kwa miezi sita au zaidi. Fundi wa mtaani ni mjuzi wa aina hiyo. Anajua simu zipi zinaletwa mara kwa mara na spea zipi hazipatikani.

3. Atenganishe anachokipenda mjuzi na anachokiuliza mteja. Daftari la maswali ya wateja kwa mwezi mmoja lina thamani kuliko maonyesho ya Las Vegas kwa mwenye duka wa Morogoro.

4. Aangalie kalenda. Kuagiza mzigo mkubwa wa toleo linalokaribia kurithiwa ni kununua hasara, labda punguzo la bei liwe kubwa.

5. Asisahau sheria za nchi, ambazo mjuzi wa ng'ambo hazizungumzii. Simu bandia zilifungiwa Kenya mwaka 2012 na Tanzania mwezi Juni 2016. Namba ya utambulisho wa simu, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, ikaguliwe kabla ya kulipa.

Mwekezaji asikimbilie

Kwa mwenye hisa hesabu ni tofauti kidogo. Maoni yanayosikika na kila mtu huwa yamekwisha kuingia katika bei ya hisa. Anayeuza baada ya habari mbaya kusambaa, mara nyingi anauza bei ikiwa tayari chini.

Kisa cha Samsung kinafundisha. Oktoba 11, 2016, siku ambayo Note 7 ilikomeshwa, hisa za kampuni hiyo zilishuka kwa takriban asilimia 8 mjini Seoul. Aliyeamini kwamba simu mbovu ni kampuni mbovu aliuza. Lakini sehemu kubwa ya faida ya Samsung ilitoka katika vipuri vya kumbukumbu vinavyouzwa kwa watengenezaji wengine wa simu na kompyuta. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilipata faida ambayo haijawahi kuipata kabla ya hapo.

Humane ilikuwa na hali nyingine. Ilitegemea kifaa kimoja, na kifaa hicho kilipokataliwa hakikuwapo cha kuishikilia. Kwa hiyo mwekezaji anaposikia kifaa kinalaumiwa, kwanza aulize kinachangia sehemu gani ya mapato ya kampuni. Taarifa za hesabu za mwaka ndizo zitakazomjibu, kwa kuwa mpenzi wa vifaa hana kazi ya kuzisoma.

Kwa wawekezaji wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao masoko yao yana hisa za Safaricom na Vodacom Tanzania, kuna jambo la ziada. Kampuni hizo zinaishi kwa muda wa maongezi, vifurushi vya intaneti na huduma za fedha. Kwao idadi ya simu za bei nafuu mikononi mwa watu ina uzito kuliko sifa za simu ya Dola 1,000. Habari ya kupungua kwa bei ya simu ya kawaida ya intaneti, hata ikiandikwa kwa mistari miwili, ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili.

Mpenzi wa vifaa ataendelea kusema, na asikilizwe. Akisema chombo ni kibovu, mwenye duka apunguze oda na kuuliza zaidi. Akisema chombo ni kizuri, mwenye duka aweke kimoja au viwili kwenye kioo cha duka, ahesabu wangapi wanauliza bei na wangapi wanarudi na fedha, ndipo aagize mzigo.