Mayfair: Kituo cha Johannesburg ambako msafiri hula kama yuko pwani

Msafiri anayetoka Afrika Mashariki kwa barabara, akishavuka mpaka wa Beitbridge kati ya Zimbabwe na Afrika Kusini, bado ana zaidi ya kilomita 500 kabla ya kuyaona majengo marefu ya Johannesburg.

Njiani chakula hakikosekani. Vituo vya mafuta kando ya barabara kuu ya N1 vinauza pai za nyama, vibanzi na kuku wa kukaanga. Lakini chai ya maziwa yenye iliki, au sinia ya wali na nyama ya mbuzi ya halali, kwa wengi ni jambo la kusubiri hadi wafike Mayfair.

Mayfair ni kitongoji kilichoko magharibi mwa katikati ya jiji, kilomita chache tu kutoka kituo kikuu cha mabasi na treni cha Park Station, na kinapakana na Fordsburg. Jina lake limetoka London, ila harufu ya mitaa yake haitoki huko. Eneo la 8th Avenue, lenye mikahawa, maduka ya nguo na kituo cha biashara cha Amal, wengi wanaliita Mogadishu Ndogo.

Sinia moja, historia nyingi

Chakula kinachoagizwa sana ni bariis, wali uliopikwa kwa bizari, ukapambwa kwa zabibu kavu na vitunguu, juu yake pande la nyama ya mbuzi. Pembeni huwekwa ndizi mbivu. Mgeni asishangae wala asiiweke kando akidhani ni ya kumalizia mlo: ndizi hiyo huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge, na pilipili ya kusaga ikiwa karibu.

Asiyetaka wali huletewa baasto, yaani tambi. Chakula hiki ni kumbukumbu ya utawala wa Italia kusini mwa Somalia. Waitaliano waliondoka, tambi zikabaki, na Wasomali wakazitia bizari zao wenyewe.

Asubuhi ni zamu ya anjera, mkate mwembamba wenye vitundu unaotengenezwa kwa unga uliochachushwa. Huliwa na chai na sukari, au na maini na nyama iliyokatwa vipande vidogo. Wapo pia Waethiopia wengi katika kitongoji hiki, wakiwemo Waoromo, na injera yao ni pana zaidi na ina uchachu zaidi. Ukiagiza, ni vyema kueleza unataka ipi.

Kwa msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja, baadhi ya majina haya si mageni. Muufo ya Wasomali ni ndugu wa mkate wa mofa wa pwani. Sambuus ni sambusa. Xalwo ni halua ile ile inayoliwa Zanzibar na Muscat. Hilo si ajabu: mji wa Barawa, kusini mwa Somalia, una wenyeji wanaozungumza Chimwini, moja ya lahaja za Kiswahili, na Wabajuni wameishi tangu zamani katika visiwa na pwani kutoka kaskazini ya Lamu hadi Kismayu.

Ndiyo maana Kiswahili kinasikika Mayfair. Wapo Wasomali waliozaliwa Kenya, na wapo waliokulia Eastleigh jijini Nairobi au katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991 baada ya vita kuzuka kwao. Mgeni akisema "Naomba chai ya maziwa", si jambo la ajabu akajibiwa kwa Kiswahili cha Garissa.

Mtaa uliokuwa wa Wazungu peke yao

Mayfair haikuwa hivi siku zote. Kitongoji hiki kilichipuka karibu na migodi, baada ya dhahabu kugunduliwa katika eneo hilo mwaka 1886, na wakati wa ubaguzi wa rangi sheria ilikitenga kwa ajili ya Wazungu. Wahindi waliokuwa wakiishi Pageview, mtaa wa jirani uliojulikana kama Fietas, waliondolewa kwa nguvu na kupelekwa Lenasia, mbali na jiji. Wafanyabiashara wao walipewa nafasi katika jengo la Oriental Plaza huko Fordsburg.

Hata hivyo, baadhi ya familia za Kihindi zilianza kupanga nyumba Mayfair kinyume cha sheria. Mwaka 1982 kesi ya mpangaji mmoja, Bi. Govender, ilifika mbele ya Jaji Richard Goldstone. Jaji aliamua kwamba mtu akipatikana na hatia chini ya sheria hiyo ya makazi, mahakama hailazimiki kumfukuza nyumbani, na ni lazima izingatie iwapo ana mahali pengine pa kuishi. Tangu hapo kuwafukuza watu kukawa kugumu sana. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1991.

Hivyo Wasomali walipoanza kufika miaka ya 1990, walikuta tayari kuna misikiti, mabucha ya halali na wenye nyumba Waislamu.

Kituo cha wanaofanya kazi mbali

Afrika Kusini haina kambi za wakimbizi kama za Kenya au Tanzania. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawaachia wakimbizi waishi miongoni mwa raia na kujitafutia riziki. Wengi walifungua maduka madogo yanayoitwa spaza katika vitongoji vya Waafrika maskini. Huko ndiko kuna wateja, na huko ndiko kuna hatari.

Mwezi Mei mwaka 2008, mashambulizi dhidi ya wageni yaliyoanzia Alexandra, Johannesburg, yaliua watu zaidi ya 60 na kuwafukuza maelfu makwao. Ghasia nyingine zilitokea mwaka 2015 na 2019, na maduka ya wageni yaliporwa.

Kwa mwenye spaza, basi, Mayfair si mahali pa starehe tu. Hapa hununua bidhaa, hutuma fedha kwa mama yake, na hula bila kutazama mlango. Duka likichomwa, hapa ndipo anapokuja kutafuta ndugu wa kumpa godoro na mtaji wa kuanzia upya. Mikahawa hii ni baraza: vikombe vya chai vikishushwa, huulizwa nani ameporwa, nani amepata kibali.

Suala la kibali si dogo. Ofisi ya wakimbizi ya Crown Mines, Johannesburg, ilifungwa mwaka 2011, na watu wakalazimika kwenda Pretoria na kupanga foleni alfajiri. Tangu mwaka 2021 muda wa vibali umekuwa ukiongezwa kwa njia ya intaneti, lakini kibali cha muda kinabaki kuwa cha muda, na benki au mwajiri hulitambua hilo.

Kwa wanaopanga safari

Ni vizuri kufika mchana. Kama ilivyo sehemu nyingi za Johannesburg, simu ibaki mfukoni ukiwa barabarani, na gari liegeshwe penye mlinzi. Siku ya Ijumaa shughuli husimama wakati wa sala ya adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani watu hujaa baada ya magharibi. Pombe haiuzwi katika mikahawa hii. Sehemu nyingi bei haikuandikwa popote, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Sinia moja mara nyingi hutosha wawili.

Anayeendelea na safari hadi Durban ana zaidi ya kilomita 500 nyingine mbele yake. Afungiwe sambusa na halua kabla ya kuondoka, na kama amehudumiwa kwa Kiswahili, ashukuru kwa Kiswahili. Kwa aliyemhudumia, huenda hiyo ndiyo lugha ya mji wa mwisho alioishi kabla ya kufika hapa.