Kasigau: Somo la Krismasi kuhusu kuanza upya

Krismasi inapokaribia, mabasi kutoka Mombasa na Nairobi hushusha abiria wengi mjini Voi, na kutoka hapo matatu huwapandisha milimani hadi Mwatate na Wundanyi. Wapo wanaorejea na zawadi. Wapo pia wanaorejea mikono mitupu, wamepoteza kazi au wamefiwa, na wanajua kwamba Januari inawasubiri na karo za shule. Kwa hao, mahubiri kwamba Krismasi ni mwanzo mpya huweza kusikika kama maneno ya kupoza tu.

Hata hivyo, Kaunti ya Taita Taveta ina kisa chake chenyewe kinachoeleza maana ya kuanza upya. Ni kisa cha watu wa Mlima Kasigau, ulioko kusini mashariki mwa Voi.

Mnamo Agosti 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, majeshi ya Ujerumani, ambayo wakati huo ilitawala Tanganyika, yaliiteka Taveta. Shabaha yao ilikuwa Reli ya Uganda, iliyopita Voi. Mwaka uliofuata, walifika Kasigau. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwatuhumu wenyeji kwamba walimsaidia adui. Nyumba zao zilichomwa, nao wakahamishwa kwa nguvu, wazee kwa watoto, hadi Malindi. Wengi walifia ugenini. Mjini Voi yapo makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo, yanayotunzwa hadi leo; lakini wanakijiji waliofia uhamishoni hawamo humo.

Ni katika miaka ya 1930 tu ndipo waliosalia na wazao wao walipopata kurejea. Watoto waliochukuliwa wakiwa mgongoni mwa mama zao walirudi wakiwa watu wazima. Isitoshe, hawakurudia maisha yaleyale. Mababu zao waliishi juu mlimani. Wao walianza tena chini, katika vijiji kama Rukanga, Jora, Bungule na Makwasinyi, kwenye nyika yenye joto na mvua haba.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka sehemu ya kisa cha Krismasi ambayo aghalabu haiigizwi na watoto kanisani. Injili ya Mathayo inasimulia kwamba Yusufu alimchukua Mariamu na mtoto usiku, akakimbilia Misri kuepa upanga wa Herode. Herode alipofariki, familia hiyo ilirejea, lakini si Bethlehemu. Kwa kuhofia mtawala mpya wa Yudea, Yusufu alikwenda kuishi Nazareti ya Galilaya. Basi hata kwao, kurejea hakukuwa kurudishiwa kila kilichopotea.

Hapo ndipo lilipo somo. Anayengoja mambo yawe kama zamani ndipo aanze, huenda asianze kamwe. Matumaini hayamtaki mtu asahau alichonyang'anywa, wala imani haimkatazi kulia. Humtaka ashike jembe pale alipo.

Mkulima wa nyanda za chini za Taita analijua jambo hili. Hupanda mahindi mvua za vuli zinapoanza, na kufikia Krismasi shamba huwa limekwisha kutoa jibu. Kati ya 2020 na 2022, misimu mfululizo ya mvua ilikosekana katika maeneo kame ya nchi, na hata yanapostawi mahindi, ndovu wa Tsavo huweza kuyamaliza kwa usiku mmoja. Bado msimu unaofuata mbegu hutiwa ardhini.

Wenyeji wa Kasigau nao hawakuachana na mlima wao. Msitu wa kileleni hunasa ukungu na kulisha vijito, na maji hayo huteremka hadi vijijini, yakawafaa wajukuu wa wale waliofukuzwa.

Kwa anayeshuka basi Voi mwaka huu akiwa na mzigo moyoni, huo ni ushahidi ulio karibu na nyumbani.